Sauti Inayoomba kwa Adabu: Albamu ya Kwanza ya The Stylistics

Katika albamu zote za mapenzi ambazo nimezisikiliza tangu ujana wangu hapa Lubumbashi, hakuna ninayoirudia kama ile ya kwanza ya kundi la The Stylistics, iliyotoka mwaka 1971 ikiwa na jina la kundi lenyewe. Ina nyimbo tisa tu, nyingi kati yake hazifiki hata dakika tatu, nazo zimeimbwa kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu huku Katanga hatukuizoea, kwa kuwa shuleni tulifundishwa kwa Kifaransa na nyumbani tuliongea Kiswahili. Hata hivyo, sijapata kusikia albamu nyingine ambamo mwanaume anamwambia mwanamke kwamba anampenda bila kujigamba, bila kumdai chochote na bila kumlaumu, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho. Ninataka kueleza jambo hilo linavyopatikana, kwa sababu naona halikutokea kwa bahati.

Kundi hilo lilizaliwa Philadelphia, nchini Marekani, mwaka 1968, pale waimbaji wa makundi mawili ya vijana, The Percussions na The Monarchs, walipoungana. Walikuwa watano: Russell Thompkins Jr., Airrion Love, James Smith, Herb Murrell na James Dunn. Wimbo wao wa kwanza, "You're a Big Girl Now", ulirekodiwa kwa kampuni ndogo na kupendwa kwanza mjini kwao, kisha kampuni ya Avco ikawachukua na kumtafuta Thom Bell awatengenezee albamu. Bell, mpiga piano aliyesomea muziki wa kiklasiki, alikuwa tayari amejulikana kwa kazi yake na kundi la The Delfonics. Inasimuliwa kwamba alipowasikiliza vijana hao mara ya kwanza hakuvutiwa sana na kundi kwa jumla, ila aliisikia sauti ya Thompkins akaona kwamba humo mna kitu. Alikubali kazi, na kampuni ikamwachia uhuru wote wa kuamua muziki uweje.

Thompkins anaimba juu sana, mahali ambapo wanaume wengi hupafika kwa kupaza sauti tu, lakini yeye hapazi. Anaimba hapo kana kwamba anaongea na mtu aliyekaa karibu naye. Sauti yake inapitia puani kidogo, na kila silabi inatamkwa mpaka mwisho, kiasi kwamba hata mtu asiyejua Kiingereza anaweza kuyafuata maneno kwa sikio na kuyaimba bila kuyaelewa. Msikilizaji wa Lubumbashi hapati shida kuikubali sauti ya namna hiyo. Mji huu umelelewa na kwaya: wazee wetu walikua wakiisikia kwaya ya wavulana ya Croix de Cuivre, iliyoanzishwa wakati wa ukoloni na mtawa Mbenedikto Anschaire Lamoral, na mpaka leo parokia zetu hazikosi vijana wanaofundishwa kuipandisha sauti bila kuivunja. Tena tulikuwa na mwimbaji wetu wa rumba Tabu Ley Rochereau, ambaye mwaka 1970 alipanda jukwaa la Olympia jijini Paris, na ambaye alitufundisha kwamba mwanaume akiimba mapenzi kwa sauti ya juu na laini hapungukiwi na uanaume wake hata chembe.

Lakini kuna tofauti moja kubwa kati ya nyimbo hizi na rumba yetu, na ndiyo iliyonifanya nizisikilize kwa makini zaidi. Katika rumba, mwimbaji anabembeleza, analalamika, anataja majina, kisha magitaa yanashika njia, sebene, ile sehemu ya kucheza, inaanza, na yale machungu yote yanayeyuka katika dansi. The Stylistics hawana sebene. Wimbo unaanza taratibu, unabaki taratibu, na sauti inapungua polepole hadi kutoweka kabla hujapata nafasi ya kusimama uchezeshe miguu. Mtu aliyezoea muziki wetu anaweza kudhani kwamba wimbo umekatwa katikati. Mimi naona kwamba Bell alijua alichokifanya: mpenzi wa nyimbo hizi bado hajajibiwa, kwa hiyo hana cha kusherehekea. Angemchezesha kabla ya jibu, angekuwa amesema uongo.

Jambo la pili ambalo lazima lisemwe wazi ni kwamba maneno ya karibu nyimbo zote aliyaandika mwanamke. Linda Creed alikuwa msichana wa Philadelphia, katika miaka yake ya ishirini ya mwanzo, alipokuwa akiandika na Bell nyimbo hizi. Bell alitunga muziki, Creed akaweka maneno, na Thompkins akayaimba kwa kinywa cha mwanaume. Ukishalijua hilo, albamu nzima inabadilika masikioni mwako. Unatambua kwamba yule mwanaume mpole, anayeuliza badala ya kuamuru, anaongea jinsi mwanamke angependa aongeleshwe. Hakuna wimbo humo unaomwita mwanamke mwongo au mkatili, hakuna kitisho cha kujiua kwa ajili ya mapenzi, hakuna hesabu ya zawadi zilizotolewa. Creed alifariki mwaka 1986 kwa saratani ya matiti, kabla hajatimiza miaka 40, na ninasikitika kila ninapowaona watu wakiwataja waimbaji na mtayarishaji huku wakimsahau yeye.

Wimbo unaofungua albamu, "Stop, Look, Listen (To Your Heart)", unamhusu mtu aliye peke yake daima na asiyejua ni kwa nini, na ushauri anaopewa ni kusimama, kutazama na kuusikiliza moyo wake. Ni ushauri ambao shangazi yeyote angempa mpwa wake, lakini muziki unaouzunguka ni wa heshima kubwa: violini zinapita nyuma kwa uangalifu, ngoma zinagusa tu, na sauti za waitikiaji zinaingia mahali ambapo Thompkins anavuta pumzi. "Betcha by Golly, Wow", ulio wa tatu, ndio uliopanda zaidi, hadi nafasi ya 3 katika orodha ya nyimbo za Marekani mwaka 1972. Kabla ya hapo uliwahi kurekodiwa na Connie Stevens kwa jina lingine, na miaka mingi baadaye, mwaka 1996, Prince aliurekodi tena. Ni wimbo wa mtu aliyekutana na yule aliyekuwa akimngoja siku zote na sasa anaziona hekaya za utotoni zikiwa kweli. Maneno yake ni ya kitoto kidogo, ninakubali, lakini utoto huo ndio uzuri wake, kwa maana mtu mzima akishangazwa na furaha huongea hivyo hivyo.

Wengi huuweka huo mbele ya nyimbo zote. Mimi ningechagua "You Are Everything". Inasimuliwa kwamba Bell na Creed walimwona mtu mmoja njiani akimwita mwanamke na kumkimbilia, kisha akagundua kwamba siye aliyemdhania, akarudi alikotoka. Kutokana na tukio hilo dogo walitunga wimbo wa mwanaume anayemwona mpenzi wake aliyemkosa katika sura za wapita njia. Unaanza kwa sitari ya umeme, ala yenye asili ya Kihindi ambayo katika mikono ya wengine ilikuwa urembo wa mitindo tu, lakini hapa mlio wake unaotetemeka unamweka msikilizaji katika hali ya mtu asiyeyaamini macho yake. Thompkins anaingia chini kidogo kuliko kawaida yake, anasimulia alichokiona, na anapofika kwenye kiitikio anapanda pole pole kwa maneno machache mno yanayorudiwa. Bell hakuongeza kelele pale ambapo mtayarishaji mwingine angepigisha tarumbeta zote. Mwaka 1973 Diana Ross na Marvin Gaye waliuimba wimbo huo pamoja, nao waliuimba vizuri sana, ila kwa kuwa waliimba wawili, upweke wake uliondoka, na upweke ndio wimbo wenyewe.

Kazi yote hiyo, isipokuwa ule wimbo wao wa zamani, ilifanyika katika studio ya Sigma Sound, ambayo fundi wa sauti Joe Tarsia aliifungua Philadelphia mwaka 1968. Wapigaji wake, wakiwamo Earl Young kwenye ngoma, Ronnie Baker kwenye gitaa la besi na Norman Harris kwenye gitaa, walikuwa watu waliozoeana kiasi cha kuachiana nafasi. Sikiliza besi ya Baker peke yake katika wimbo wowote wa albamu hii, utasikia kwamba yeye pia anaimba, na kwamba anajua kunyamaza. "You're a Big Girl Now" ndio unaoonyesha tofauti, kwa kuwa ulirekodiwa kabla Bell hajaja: sauti ni ileile, lakini muziki ni mzito na haujakatwa vizuri, na mimi huuruka mara nyingi. "Point of No Return" na "Country Living" ni nyimbo nzuri zisizodai maelezo marefu.

Kuna wimbo mmoja ambao si wa mapenzi, nao ndio mrefu kuliko yote, zaidi ya dakika sita. Katika "People Make the World Go Round" tunasikia marimba, halafu habari za mji ambao wazoa taka na madereva wa mabasi wamegoma, na hewa imechafuka. Nimewahi kuambiwa na marafiki kwamba wimbo huo umepotea njia, kwamba haukupaswa kuwekwa katikati ya nyimbo za kubembeleza. Nawapinga kabisa. Unatuonyesha wapenzi hawa wanaishi wapi. Hawapendani katika bustani ya kufikirika. Wanapendana katika mji wa viwanda, wenye moshi, wenye wafanyakazi wanaodai haki yao, na sisi wa Lubumbashi, ambao mji wetu ulijengwa juu ya shaba na tuliokua tukilitazama bomba refu la kiwanda, tunaelewa vizuri kwamba upole unaopatikana mahali kama hapo una thamani nyingine. Michael Jackson, akiwa bado kijana mdogo, aliurekodi katika albamu yake ya mwaka 1972, lakini marimba ile ya mwanzo ninaipenda ikitoka kwa Bell mwenyewe.

Nchi yetu ilipata kuisikia kazi ya Bell ana kwa ana, ingawa si kwa vinywa vya The Stylistics. Mwezi wa Septemba 1974, katika tamasha la Kinshasa lililoandaliwa kwa ajili ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman, walikuja The Spinners, kundi jingine ambalo Bell alikuwa akilitengenezea nyimbo, wakaimba katika tamasha moja na James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley. Watu hukumbuka zaidi jasho la James Brown, na ni haki yake. Lakini mimi hufikiria kwamba katika uwanja ule, sauti za rumba na sauti za Philadelphia zilisikika kwa hadhira moja, na sidhani kama hadhira ile iliona ajabu.

Albamu yenyewe mimi niliipata kwa baba mdogo, aliyekuwa akiishi Kamalondo na ambaye santuri zake nyingi za Kiingereza zilivuka mpaka kutoka Zambia, kupitia Kasumbalesa. Alikuwa na sharti moja kwa kila aliyetaka kuisikiliza: usiongee wakati Thompkins anaimba. Alikuwa akituambia, "Wanangu, mtu huyu anaomba. Mtu akiomba, anasikilizwa kwanza." Nililiona sharti hilo kuwa kali wakati ule, sasa nalifuata mwenyewe, na ninamwomba kila msomaji alifuate. Nyimbo hizi hupigwa sana kwenye sherehe za ndoa, wakati maharusi wanapokata keki na watu wote wanapiga makofi na picha, na hapo kinachobaki ni melodi tu. Zisikilize usiku, kwa spika yenye besi nzuri au kwa vifaa vya masikioni, bila kuziruka wala kuzichanganya, kwa sababu mpangilio wake umefikiriwa: baada ya ule wimbo mrefu wa mji, "Ebony Eyes" na "If I Love You", zote mbili fupi, zinakurudisha ndani ya nyumba, kwa mtu mmoja.

Atakayeipenda na aendelee na "Round 2" ya mwaka 1972, yenye "I'm Stone in Love with You" na "Break Up to Make Up", kisha "Rockin' Roll Baby" ya mwaka 1973, ambamo Airrion Love anafungua "You Make Me Feel Brand New" kwa sauti nzito kabla Thompkins hajampokea juu. Hizo mbili pamoja na ile ya kwanza ndizo alizozitengeneza Bell, Creed akiwa naye. Za baadaye, ambazo Bell hakuzishika, zina sauti ileile na zilipendwa na wengi, hasa Uingereza, lakini muziki wake unamsukuma mwimbaji aharakishe, naye si mtu wa kuharakishwa.