Ngazi 3,750 za Kushuka

Saa saba usiku tulikuwa tumejipanga nje ya kuta za Monasteri ya Mtakatifu Katarina, Sinai, kila mtu na tochi yake, tukimsubiri kiongozi. Mlima ule haupandwi bila Mbedui wa pale. Watu wa kabila la Jebeliya ndio wenyeji wake, na njia wanaijua gizani. Wetu alikuwa kijana mwembamba aliyevaa kandambili. Mimi nilikuwa na jaketi mbili na bado meno yaligongana.

Wenzangu walikuja kuhiji. Mimi nilikuja kudai jibu. Miezi minne nyuma nilikuwa nimeacha kazi ya unesi niliyoifanya miaka tisa, kwa sababu nilishajiaminisha kwamba Mungu ananiandalia jambo kubwa zaidi, na kila nilipolisema kanisani watu waliitikia amina. Jambo lenyewe halikuja. Nilifunga, nikaombewa, nikawekewa mikono na watumishi watatu walionitabiria mambo matatu yasiyofanana hata kidogo. Nikaona basi niende kule Mungu alikoshuka kwa moto. Pengine huko atasema waziwazi.

Wenyeji wanauita Jabal Musa, mita 2,285. Wataalamu wanabishana kama ndio Sinai ya kitabu cha Kutoka. Wamonaki, wao, wanasali chini yake ndani ya kuta zilizojengwa kwa amri ya Kaisari Justinian katika karne ya 6, na mimi sikwenda kubishana na mtu. Njia ya ngamia hupanda kwa kuzunguka taratibu. Kila baada ya kona unasikia pumzi nzito kisogoni, kisha mwenye ngamia anakuuliza kama umechoka, kwa lugha nne mfululizo mpaka apate yako.

Nilitembea nyuma kabisa, pamoja na mama mmoja wa rika la mama yangu aliyekuwa na goti bovu. Kila mara nilikuwa nainua tochi kuangalia kilele kimebaki umbali gani, na mwanga unaishia hewani.

"Mwanangu," akasema, "mulika hapa ninapokanyaga. Huko juu tutakukuta."

Mhubiri angepata mahubiri mazima hapo. Mimi niliudhika tu kuamrishwa.

Ngazi 750 za mwisho ngamia hapandi. Tulifika juu kabla ya alfajiri, tukajibanza kando ya kanisa dogo la mwaka 1934, karibu na msikiti mdogo zaidi. Jua likachomoza, majabali yakawa mekundu kama makaa, watu wakaimba, simu zikainuliwa juu. Nilifumba macho nikangoja. Sikusikia kitu. Nilijisikia kama mtu aliyepanga foleni siku nzima, dirisha likafungwa zamu yake ilipofika.

Wakati wa kushuka tulipumzika kwenye kibonde cha Eliya, penye miti mirefu na kikanisa cha mawe. Mapokeo yanasema nabii alijificha hapo. Mchungaji wetu akasoma 1 Wafalme 19. Sura hiyo naijua: upepo, tetemeko, moto, halafu sauti ndogo ya utulivu. Nimeisikia ikihubiriwa mara nyingi, na karibu kila mara tunaishia kwenye utulivu wa ile sauti. Ilisema nini? Siku hiyo ndiyo nilisikiliza. Iliuliza: "Unafanya nini hapa, Eliya?" Ni swali lile lile aliloulizwa kabla upepo haujavuma. Mtu ametembea siku arobaini mchana na usiku kuja kuulizwa hivyo, mara mbili! Naye anajibu kwa malalamiko yale yale, ni kama alikuwa ameyakariri njiani. Kisha anaambiwa aende, arudi njia yake. Anapewa kazi ya kutia watu mafuta: Hazaeli, Yehu, na Elisha atakayeshika nafasi yake. Anaambiwa pia kwamba wapo elfu saba wasiompigia Baali goti, yeye aliyekuwa akidai amebaki peke yake.

Niliangalia viatu vyangu. Mchungaji alikuwa ameshafunga Biblia na watu wanatafuta chupa za maji.

Tulishuka kwa Ngazi za Toba. Kwa jumla ni 3,750 toka kileleni, na husemwa zilichongwa na mmonaki mmoja kama kitubio. Kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda. Tulipofika kwenye lango la mawe ambapo Stefano, mmonaki wa karne ya 6, alikuwa akiwaungamisha wanaopanda (mifupa yake imevikwa joho, imeketishwa kwenye nyumba ya mifupa ya monasteri), goti la mama lilikuwa limevimba kama embe.

Nilimkalisha kwenye jiwe, nikapandisha gauni lake kidogo, nikapapasa pembeni mwa kifupa cha goti. Kisha nikatoa bendeji kwenye begi. Sijui kwa nini nilikuwa bado natembea nayo. Nikaanzia chini, nikaenda nikipishanisha.

"Si ulisema uliacha kazi hii?"

"Niliacha, mama."

"Haya. Kaza kidogo hapo chini, panalegea."

Nikakaza. Ngazi zilizobaki tulizimaliza yeye akiwa ameegemea bega langu, tukisimama kila baada ya ishirini.

Ndani ya basi alilala kabla hatujaondoka. Nilitoa simu nikatafuta picha ya leseni yangu ya unesi, niangalie inaisha lini. Zilikuwa zimebaki wiki tano.