Nilivyosubiri majibu ya vyuo vya udaktari nikiwa mwombaji wa nje ya jimbo

Jimbo la Maine, Marekani, halina chuo cha udaktari cha umma. Kwa hiyo mimi, niliyekulia Portland katika familia iliyotoka Bukavu, nilijua kwamba kila chuo cha umma nitakachoomba kitanihesabu kuwa mtu wa nje. Vyuo hivyo hutegemea kodi za wakaazi wa jimbo, nao wakaazi wanatarajia kupata madaktari watakaobaki kuwahudumia. Naona ni haki yao, ingawa mwombaji wa nje hulipa ada kubwa zaidi na kusubiri kwa mashaka zaidi.

Kilichonisaidia kusubiri nilikifanya kabla ya kutuma maombi. AAMC, jumuiya ya vyuo vya udaktari vya Marekani, ina hazina ya taarifa iitwayo MSAR, inayoonyesha kila chuo kilipokea wakaazi wangapi na watu wa nje wangapi, nami niliisoma jioni nyingi baada ya kazi. Chuo Kikuu cha Mississippi hupokea karibu wakaazi wa jimbo hilo pekee. Huko Texas sheria inataka wanafunzi wa nje katika vyuo vya umma wasizidi asilimia 10. Hivyo nikaviacha. Chuo Kikuu cha Vermont nilikiweka juu, kwa sababu darasa lake huwa na watu wa nje wengi kuliko wenyeji, pamoja na Tufts, chuo binafsi ambacho kwa ushirikiano na hospitali ya Maine Medical Center hutenga nafasi kwa watu wa Maine.

Vyuo vingi huruhusiwa kuanza kutoa nafasi tarehe 15 Oktoba, na tarehe 30 Aprili mwenye nafasi kadhaa hutakiwa kubaki na moja. Tarehe hizo mbili nilimwandikia mama kwenye kalenda ya jikoni, kwani kila nikirudi alikuwa akiniuliza, “Wamekujibu, mwanangu?”, nami nilitaka ajue kwamba ukimya wa Desemba si kukataliwa. Niliendelea na kazi yangu ya ukalimani kliniki, na akaunti za maombi nikawa nazifungua Ijumaa jioni tu.

Mwezi Januari chuo kimoja cha umma, ambacho kilikuwa kimenifanyia usaili, kiliniweka kwenye orodha ya kusubiri. Nilihakikisha kwanza kwamba kinakubali barua za nyongeza, kisha nikaandika ukurasa mmoja kueleza jambo ambalo mwombaji wa nje huulizwa hata asipoulizwa waziwazi: kwa nini huku, na je, utabaki? Nilitaja mama mdogo anayeishi katika mji huo, familia za Wakongo ninaozungumza nao Kiswahili kila ninapomtembelea, na nia yangu ya kuwatibu hapo hapo.

Baada ya 30 Aprili nafasi huachwa kwa wingi, na mwezi Mei nikapigiwa simu. Nilikubali, na siku hiyo hiyo nikajiondoa kwenye orodha nyingine zote, maana kulikuwa na wenzangu waliokuwa bado wanasubiri.