Kilomita 8,700 Kutoka Dar es Salaam hadi Guangzhou

Nilipokwenda Guangzhou kwa mara ya kwanza, mwezi Januari, kununua mzigo wa duka letu la Kariakoo, jambo lililonitatiza kuliko viza ni saa zilizoandikwa kwenye tiketi. Ndege ingeondoka Dar es Salaam saa tano usiku na kutua kesho yake saa nane na dakika arobaini mchana, nami nikahesabu vidoleni nikapata karibu saa kumi na sita. Wakati wa kurudi, tiketi hiyo hiyo ilionyesha saa sita na dakika ishirini tu. Hesabu zangu zote mbili zilikuwa na kosa moja: kila saa iliyoandikwa ilikuwa ya mji wake, na Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano.

Ningeweza kupitia Dubai. Kutoka kwetu hadi Dubai ni takriban kilomita 4,000, na kutoka hapo hadi Guangzhou ni kama 5,800. Moja kwa moja ni kama 8,700. Kilomita 1,100 za ziada ni kama saa moja na robo angani, lakini kinachomchosha msafiri hasa ni kusubiri ndege ya pili.

Kiti cha pembeni yangu aliketi mama mtu mzima, mfanyabiashara wa vitenge, ambaye safari hiyo aliizoea.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Saa yako usiibadilishe mpaka tutue, la sivyo utapotea.”

Nilimtii. Mkononi ilipofika saa kumi na robo usiku, wakati ambao mtaani kwetu Magomeni adhana ya alfajiri bado haijasikika, upeo wa mashariki ulikuwa umeshakuwa mwekundu dirishani. Ramani ya kwenye kioo mbele yangu ilionyesha kwamba tunaikaribia India ya kusini. Tulikuwa tunalifuata jua huko linakochomoza, na kwa hiyo usiku wetu ulipungua huku usiku wa Dar es Salaam ukiendelea. Kwa sisi ambao hesabu ya saa zetu huanza na macheo, niliona ajabu kubwa kushuhudia asubuhi ikifika saa kumi.

Baada ya Ghuba ya Bengal, kasi iliyoandikwa kwenye ramani ilipanda kutoka kilomita 900 hadi karibu 1,000 kwa saa, ingawa mlio wa injini haukubadilika. Katika miezi hiyo, upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki kaskazini mwa India na kusini mwa China, kwenye kimo kile kile ambacho ndege kubwa hupita. Ndege husafiri ndani ya hewa, na hewa yenyewe ikiwa inasogea upande uendao, ardhi hupita chini kwa haraka zaidi. Tulitua Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, baada ya safari ya saa kumi na dakika arobaini.

Wakati wa kurudi upepo ule ule ulitukabili usoni. Tuliondoka saa kumi na moja jioni, ambayo Dar es Salaam ilikuwa saa sita mchana, tukatua saa tano na dakika ishirini usiku: saa kumi na moja na dakika ishirini kwa umbali ule ule.