Asubuhi ya boti ya Kalemie

Mdogo wangu anayeshika siku hizi mashine za ile ofisi ya mizigo niliyofanyia kazi Kigoma kanipigia juzi usiku. Anataka kufuta ratiba ya kuzima na kuwasha seva kila mwezi. "Kaka, PostgreSQL haichoki. Tunaizima ya nini?" PostgreSQL ndiyo programu ya kanzidata, inayotunza rekodi zote za ofisi. Tukabishana mpaka salio likakata. Nimelala nikiiwaza asubuhi moja ya Kigoma.

Wakati ule gridi ya taifa ilikuwa haijafika kwetu. Mji ulikula umeme wa majenereta ya dizeli, na pale ofisini tulikuwa na UPS, kifaa cha betri, cha kuishikilia seva mpaka jenereta letu dogo likamate. Seva yenyewe ilikaa kwenye kichumba chini ya ngazi. Ilikuwa haijazimwa zaidi ya mwaka, na fundi aliyeifunga kabla yangu alikuwa akijivunia hilo kwa kila mtu.

Bosi wetu yeye dawa yake ilikuwa moja: kitu kikigoma, zima, washa. Hapo hatukuelewana hata siku moja. Kanzidata ikikwama, mara nyingi kilichoikwamisha ni muamala mmoja tu, yaani badiliko la rekodi lisilokamilishwa, ulioachwa wazi na mtu aliyekwenda kula. Umeshika kufuli ya rekodi hizo, na wenzake wote wako nyuma yake wanasubiri. Mtafute huyo, mkatie muunganisho yeye peke yake, kazi inaendelea. Ukizima mashine nzima umefuta na ushahidi, na kesho mtu yuleyule ataacha fomu wazi tena. Naliamini hilo mpaka leo.

Basi asubuhi hiyo boti ya mbao ilikuwa imefungwa bandarini, imejaa saruji na unga wa kupeleka Kalemie, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, nahodha anataka kung'oa nanga kabla upepo haujapanda ziwani. Bila orodha ya mizigo iliyochapwa, boti haitoki. Umeme ulikuwa umekatika usiku. Betri za UPS kumbe zilishakufa, hakuna aliyejua, na mlinzi aliwasha jenereta alfajiri. Nilipofika seva imewaka, taa zote kijani. Dada wa nyaraka akafungua programu. Haiunganishi.

Nikakaa juu ya ndoo ya rangi, kibodi magotini. Nikaiamuru kanzidata iwake, ikakataa: haitambui folda yake ya data. Nikaingia kuitazama hiyo folda. Ipo, lakini tupu. Hakuna faili hata moja. Madeni ya wateja, stakabadhi, kila mfuko wa saruji uliowahi kupita mikononi mwetu ulikuwa mle. Dada alikuwa kainama begani kwangu. "Kaka, vimefutika?" Sikumjibu. Bosi alikuwa kasimama mlangoni na funguo za gari mkononi, na kwa mara ya kwanza hakusema zima, washa. Alikuwa anaangalia mikono yangu.

Nikaomba mashine initajie diski ilizonazo. Zikaja mbili. Nikaomba initajie zilizopachikwa, yaani zilizounganishwa na folda ili zitumike. Ikaja moja.

Hapo pumzi ilinirudia. Diski ya pili iliongezwa ya kwanza ilipojaa. Fundi akaipachika kwa mkono, akahamishia data, kazi ikaendelea vizuri. Ila hakuiandika kwenye faili la /etc/fstab, ambalo Linux, mfumo endeshi wa seva, hulisoma inapowaka ili ijue diski zipi izipachike. Na kwa kuwa mashine haikuzimwa tena tangu siku ile, kasoro hiyo haikuwa na pa kujitokeza. Nikaipachika. Folda ikajaa majina. Dada akakaa chini, sakafuni, na gauni lake safi.

PostgreSQL ilipowaka iliandika kwenye logi, kumbukumbu ya matukio yake, kwamba haikuzimwa kwa utaratibu, kwa hiyo inajirejesha. Ina daftari lake, WAL, ambamo kila badiliko huandikwa kwanza kabla halijatiwa kwenye majedwali. Ikiamka baada ya ajali hulisoma na kurudia yale yaliyokuwa hayajafika. Stakabadhi ya mwisho ya jana yake jioni tuliikuta. Programu ilienda taratibu kwa muda, maana kumbukumbu ya muda ya mashine (RAM) ilikuwa imeanza upya na kila kitu kinavutwa kutoka diskini. Orodha ikachapwa, boti ikatoka mchana.

Jioni bosi akaniita. "Ingekuwa tunaizima kila mwezi, haya tungeyajua Jumapili, hakuna boti." Hoja hiyo hakuwahi kuitoa kabla, na sikuwa na cha kuipinga.

Baadaye nimesoma habari ya Dhahran, Saudi Arabia. Februari 25, 1991 mtambo wa Patriot, wa Marekani wa kutungua makombora, ulishindwa kulizuia kombora la Scud, wakafa wanajeshi 28 wa Marekani. Ulikuwa umewashwa zaidi ya saa 100, na kosa dogo la kuhesabu muda lilikuwa limelimbikizana mpaka karibu theluthi ya sekunde. Kuuzima na kuuwasha kungelifuta. Wenye mitambo walishaonywa kwamba kuiacha ikiwaka muda mrefu sana kuna hatari, ila hawakuambiwa muda mrefu ni saa ngapi. Programu iliyorekebishwa ilifika kesho yake. Habari hiyo inaniuma, kwa sababu pale kuzima kungeokoa watu, na bado dawa yenyewe ilikuwa kurekebisha programu.

Kwa hiyo mdogo wangu ana haki: kanzidata iliyotunzwa vizuri haihitaji kupumzishwa. Lakini kiini cha Linux (kernel) kikisasishwa, kwa kawaida hakianzi kazi mpaka mashine iwashwe upya. Na mashine hubadilishwa kidogo kidogo kila wiki, na mikono tofauti. Kama ni kila mwezi au kila robo mwaka, sina hakika. Bosi alitaka kila wiki, mimi nilitaka kila baada ya badiliko, tukaangukia mwezi bila yeyote kuridhika.

Jumapili ya kwanza tulichukua nakala ya akiba, tukazima. Diski ikapanda yenyewe, kanzidata ikawaka yenyewe. Huduma ya kuchapa haikuamka, na tulikuwa na siku nzima ya kujua kwa nini.