Embakasi ilipokuwa moja

Tarehe 27 Desemba 2007 nilipanga foleni Kayole tangu alfajiri. Foleni ilizunguka ukuta wa shule, akina mama wamebeba watoto mgongoni, na hakuna aliyerudi nyumbani. Tulimchagua Mugabe Were wa chama cha ODM awe mbunge wetu wa Embakasi, Nairobi. Aliapishwa katikati ya Januari, na tarehe 29 akauawa kwa kupigwa risasi nje ya lango lake. Bado inaniuma. Juni 2008 tukarudi kupiga kura kujaza nafasi yake, Ferdinand Waititu wa chama cha PNU akashinda.

Eneobunge lenyewe halipo tena. Tangu 2013 limegawanywa kuwa maeneobunge matano ya Embakasi: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi. Ilistahili kabisa, Dandora, Umoja, Pipeline na Kayole kuwa na mbunge mmoja ilikuwa kutuonea.