Jinsi nilivyoandaa siku ya kuwaenzi wanachama wa klabu yetu ya kuogelea, Moshi

Kamati ya klabu yetu iliponikabidhi kazi ya kuandaa hafla ya kuwapongeza wanachama bora na wanachama waaminifu, niliomba daftari la mahudhurio kabla hata sijauliza kuna shilingi ngapi. Nimekaa kwenye hafla nyingi za namna hii hapa mjini. Jina linasomwa, mtu anapita mbele, anapewa cheti, picha inapigwa, makofi, anayefuata. Mtoto wa huyo mtu anarudi nyumbani hajui baba yake kapongezwa kwa lipi. Mimi nilitaka kila atakayeitwa asikie kazi yake ikitajwa kwa maneno kamili, mbele ya watu wa kwao.

Nilianza na katiba ya klabu, na ninamshauri yeyote mwenye kazi kama hii aanze hapo. Klabu za michezo nchini zinaandikishwa chini ya utaratibu wa Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na klabu inayoandikishwa lazima iwe na katiba. Ya kwetu ina kifungu cha uanachama wa heshima: kamati inapendekeza, mkutano mkuu unapitisha. Maana yake nisingeweza kumtangaza mtu mwanachama wa heshima siku ya sherehe kwa sababu tu tunampenda. Ilibidi majina yapelekwe mkutanoni kwanza, wanachama wainue mikono. Jambo hilo lilinisaidia baadaye, maana hakuna aliyesema katibu kachagua rafiki zake.

Kazi ya kuwapata waogeleaji bora ilinipa raha ya pekee kwa sababu napenda hesabu. Ugumu wake ni kulinganisha vitu visivyofanana. Utamlinganishaje binti anayeogelea mita 100 kwa mgongo na kijana wa mita 50 mtindo huru? Shirikisho la dunia, World Aquatics (zamani likiitwa FINA), lina alama zake, na kanuni iko wazi. Unachukua muda wa msingi wa shindano hilo, ambao hutokana na rekodi za dunia, unaugawa kwa muda wa mwogeleaji wako, jibu unalipandisha kipeo cha tatu, kisha unazidisha kwa 1000. Anayeogelea kwa muda sawa na ule wa msingi anapata alama 1000. Anayetumia mara mbili ya muda huo anapata 125. Kwa hiyo kila sekunde unayopunguza inazidi kuwa na thamani kadiri unavyokaribia juu.

Kuna tahadhari moja. Viwango vya bwawa la mita 25 si vya bwawa la mita 50. Kwenye bwawa fupi unageuka mara nyingi zaidi, na kila ukuta unaousukuma kwa miguu unakupa mwendo wa bure. Bwawa tunalokodi ni fupi, na nililipima mwenyewe kwa futi ya kamba kabla ya kukaa na karatasi, kwa sababu mabwawa mengi ya mahotelini yamejengwa kwa ajili ya wageni kupumzika, wala hakuna aliyejali kama yanatimia mita 25.

Hata hivyo, alama hizo peke yake zingewapa zawadi wale wale kila mwaka. Kwa hiyo niliongeza tuzo ya maendeleo, inayopimwa kwa asilimia. Mtoto aliyekuwa akitumia sekunde 45.0 kwa mita 50 na sasa anatumia 41.4 amepunguza asilimia 8, na hiyo ni kazi kubwa kuliko ya bingwa aliyepunguza nusu sekunde. Aliyeshinda tuzo hiyo ni mtoto ambaye mwaka uliopita alikuwa hataki kuachia ukingo wa bwawa. Nilifurahi kuliko yeye.

Sasa, uaminifu, yaani wale wa uanachama wa heshima. Hapo ndipo nilipotumia muda wangu mwingi, na ndipo palipokuwa na mabishano.

Kwenye kikao mzee mmoja wa kamati alipendekeza jina la mfanyabiashara aliyetulipia ada ya bwawa kipindi tulipokuwa hatuna kitu. Alisema, "Katibu, mwanangu, pasipo yeye tungekuwa tumefungiwa geti. Unamwachaje mtu kama huyo?" Nikamjibu, "Mzee wangu, simwachi. Ila tangu alipolipa hajafika bwawani. Nikimwita mwanachama mwaminifu, yule mama anayekuja kila Jumamosi na saa mkononi nitamwita nani?" Palikuwa kimya kidogo. Kisha mama mhazini akatoa wazo lililotuokoa: wafadhili wapewe hati ya shukrani, wasomwe mwanzoni kabisa kwa heshima zote, na tuzo ya uaminifu ibaki ya wale waliotoa muda wao. Mzee akaridhika, na yule mfanyabiashara alipoambiwa alifurahi kweli. Alikuja siku ile na familia yake yote.

Baada ya hapo nililipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Daftari linakuonyesha mambo ambayo macho yamezoea kuyaruka. Yule mama wa saa, kwa mfano. Watoto wake walishamaliza shule na kuhama mji, lakini yeye hakuacha kuja kupima muda. Watu wengi hawajui uzito wa kazi hiyo. Pasipo mitambo ya kielektroniki, kila njia ya kuogelea inahitaji saa za mkono tatu, yaani wapima muda watatu. Saa mbili zikikubaliana, muda huo ndio rasmi. Zikitofautiana zote tatu, unachukuliwa wa katikati. Mpima muda anatakiwa aanzishe saa yake anapoona ishara ya kuanzia na aizime pale mwogeleaji anapogusa ukuta, bila kupendelea, hata kama anayeogelea ni mjukuu wake. Mama huyu amefanya hivyo kwa miaka, amesimama juani, na sijawahi kusikia mzazi akiubishia muda wake. Tanzania ilipopeleka Collins Saliboko na Sophia Latiff kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, watoto wetu walishangilia, nasi tulishangilia. Lakini hakuna mwogeleaji anayefika huko bila mtu kumsimamia ukingoni akiwa na saa, tangu utotoni.

Wa pili alikuwa mzee wa pampu, ambaye vijana humwita Meku kwa heshima ya Kichaga. Nilikwenda kumtembelea asubuhi moja ili nione kazi yake kabla sijaiandika. Anaanza kwa kutoa majani ya jakaranda juu ya maji. Anasafisha chujio kwa kurudisha maji kinyumenyume hadi yatoke meupe. Anapima klorini, anataka iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, kati ya 7.2 na 7.8. Nilimuuliza kwa nini dawa yenyewe huiweka jioni. Akaniambia, "Mwanangu, jua linaila klorini. Ukiweka asubuhi, saa nane mchana umebaki na maji matupu." Ni kweli, mwanga wa jua huivunja klorini, ndiyo maana anarudi bwawani magharibi wakati wengine tuko nyumbani. Malipo yake ni madogo na saa za jioni hazimo ndani yake. Mkewe ndiye aliyeniongezea jingine. Alisema msimu wa mvua za masika mzee huamka usiku akisikia mvua kubwa, achukue mwavuli, aende akatazame kama mtaro umeziba na maji ya matope yanaingia bwawani. Hilo mzee mwenyewe hakulitaja kabisa.

Ndiyo maana nasema usiishie kwa mhusika. Waulize walio karibu naye. Mtu mwaminifu huwa haoni kama alichofanya kinastahili kusimuliwa.

Wa tatu ni kijana aliyekulia klabuni, sasa yuko chuo, ambaye kila likizo anafundisha wadogo bila kulipwa. Wa nne ni mama aliyeanza kujifunza kuogelea akiwa mtu mzima mwenye wajukuu, akaogopa maji kwa muda mrefu, akashinda, kisha akaanza kuwaleta wanawake wenzake mmoja mmoja. Leo tuna kundi zima la akina mama asubuhi za Jumapili kwa sababu yake.

Maelezo ya kila mmoja niliyaandika mwenyewe, machache, yanayosomeka kwa dakika moja hivi. Nilijiwekea sharti kwamba maneno kama "mchapakazi" na "mwenye moyo wa kujitolea" yasiwemo. Badala yake niliandika kilichofanyika: nani, wapi, alifanya nini. Nilimsomea mwanangu kila maelezo kabla ya kuyachapa, na pale alipouliza "kwa hiyo alifanya nini?" nilijua bado.

Tarehe tuliipanga karibu na 25 Julai, ambayo Umoja wa Mataifa uliiweka mwaka 2021 kuwa siku ya dunia ya kuzuia vifo vya kuzama maji. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama mwaka huo wa 2021 pekee. Kwetu hapa hilo si jambo la mbali. Watoto wanacheza kandokando ya Karanga na Rau, mifereji ya umwagiliaji imepita mashambani, na wikiendi vijana wanajazana Chemka kwenye chemchemi na kuruka majini bila kujua kuogelea. Mtu anayemfundisha mtoto kuelea anastahili kutajwa siku hiyo. Wengine walilalamikia baridi ya Julai, na kweli wingu lilikuwa limekaa juu ya mji tangu asubuhi, mlima hauonekani kabisa. Tulifanya mbio fupi za kupokezana za watoto, tukawafunika mataulo, tukahamia chini ya turubai kwenye uji wa moto.

Zawadi hazikuwa za gharama. Medali za waogeleaji tulinunua mjini. Kwa waaminifu nilimpa kazi fundi wa mbao: kibao cha mninga kwa kila mmoja, chenye jina na yale maelezo yaliyochongwa kwa kifupi. Zaidi ya hapo tuliandaa ubao mkubwa mmoja wa kubaki bwawani, karibu na vyumba vya kubadilishia nguo, tukamwita mchora mabango aandike majina kwa rangi. Akina mama wakaongeza kitenge kwa kila mwenza wa anayetuzwa, wazo ambalo lisingenijia, na lilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu saa ambazo mtu anatupa sisi anazitoa nyumbani kwake.

Mgeni rasmi tulimwomba afisa michezo, tukamwandikia barua mapema na kumwambia hotuba iwe fupi. Alilizingatia hilo, Mungu ambariki. Kila maelezo yalisomwa na mtoto wa klabu, si na emsii. Binti wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyesoma ya Meku. Alipofika kwenye habari ya mwavuli na mvua ya usiku, wazazi walianza kusimama mmoja mmoja bila kuambiwa. Mzee alivua kofia. Mkewe alipokea kitenge huku analia, na mimi pia sikujizuia.

Halafu ikaja ndafu. Kwetu sherehe ya heshima bila mbuzi mzima wa kuchoma haijakamilika, na kamati ilikubaliana kwamba watakaokata ndafu wawe hao wanne, si mgeni rasmi wala mwenyekiti. Mama wa saa alishika kisu kwanza, akamlisha yule kijana wa chuo, kijana akamlisha Meku. Mtori na kiburu vilikuwepo, mbege ikawepo kwa wazee, soda kwa watoto. Chakula kilitosha na fedha zikatosha. Michango ilikusanywa miezi kadhaa kabla, kidogo kidogo, na mama mhazini alisoma mapato na matumizi pale pale hadi senti ya mwisho.

Jumamosi iliyofuata wazazi kadhaa walikuja kuniuliza namna ya kujifunza kupima muda, na mama wa saa ndiye anayewafundisha sasa, saa za mkono tatu kwa kila njia kama inavyotakiwa. Meku ameomba apewe kijana wa kumrithisha kazi ya pampu na tumempa. Kwenye daftari la mahudhurio nimeongeza safu ya wanaojitolea, pamoja na kazi waliyoifanya siku hiyo, ili katibu atakayekuja baada yangu asianze na karatasi tupu. Mkutano mkuu ujao utajadili kama hafla iwe kila mwaka au kila baada ya miaka miwili. Msimamo wangu nimeshauweka wazi kwa kamati: tuzo za waogeleaji kila mwaka, na uanachama wa heshima pale tu daftari linapotuonyesha mtu.