Diyeni

Juzi tulikuwa tukipita Muheza kuelekea Korogwe, binti yangu akapandisha kioo cha gari na kuuliza ni kitu gani kimeoza. Nikamjibu kwamba ni korona. Alinitazama kama mtu aliyetaniwa, kwa kuwa kizazi chake kinalijua neno hilo kwa ugonjwa tu, ikabidi nimweleze kwamba sisi wa mkonge korona ni kiwanda kinachokwangua majani na kubakiza singa, na kwamba uvundo ule wa makapi yanayochacha ndio hewa niliyokulia. Habari za ubao sikumwambia.

Ilikuwa mwaka 1983, nami nilikuwa darasa la sita. Mzee Keya alifariki usiku, katika chumba cha mwisho cha safu yetu pale kambini, na asubuhi watu wazima wakagundua kwamba hakuna aliyelijua jina lake. Hilo la Keya tulimpa sisi, kwa sababu alikuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza lililojulikana kwa kifupi KAR, na hata katika daftari la ofisi aliandikwa vivyo hivyo. Baada ya vita vya Hitla alikuja na lori la Silabu, ofisi iliyoajiri vibarua wa mashamba ya mkonge, pamoja na manamba wenzake, akakata mkonge mpaka mgongo ukakataa, akaoa Mbondei aliyetangulia mbele ya haki bila kumwachia mtoto, akabaki. Wamakonde walimwona Mnyasa, Warundi walimwona Mnyasa, naye hakubisha.

Vita alivisimulia mara chache, na kila alipovisimulia vilikuwa vita vya tope. Mwaka 1944, divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ililipita Bonde la Kabaw kule Bama, yaani Myanmar ya leo, katikati ya mvua kubwa, ikiwasukuma Wajapani mpaka Kalewa, kwenye Mto Chindwin. Lakini mambo hayo niliyasoma ukubwani. Kwake yeye Bama ilikuwa viatu visivyokauka miezi mitatu, homa, na nyumbu wa kubeba mizigo wanaozama hadi tumboni huku wakiwatazama watu. Wajapani hakuwataja kabisa, nasi watoto tulisikitika, maana ndio tuliokuwa tukiwataka.

Alikuwa na mchezo wake mmoja. Nilipompelekea ugoro na kumwamkia, "Shikamoo, babu," alisimama wima, visigino pamoja, akatamka kwa nguvu "Diyeni!" na kufuatisha tarakimu kadhaa za Kiingereza, kisha ndipo akalegea na kuitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Nilidhani diyeni ni amri ya gwaride. Tuliitumia tukicheza askari: mmoja anapiga kelele "Diyeni!" na wengine wanajitupa chini.

Mnyapara alilifungua sanduku lake la bati mbele ya mashahidi. Mlikuwa na blanketi, shuka la marehemu mkewe, nyota ya shaba yenye pembe sita iliyofungwa katika kitambaa, na karatasi ya kuachishwa jeshi iliyokunjwa mara nne. Nyota ilipita mkono kwa mkono. Utepe wake ulikuwa mwekundu katikati na wa buluu pande zote mbili, na kila buluu ilipasuliwa na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa, nayo ilikuwa imefifia kiasi kwamba niliiona tu nilipoisogeza mlangoni. Niliigeuza. Nyuma palikuwa patupu. Karatasi nayo mende walikuwa wameanza kuila kutoka juu, mahali pa jina, wakaacha namba na muhuri.

Kwa kuwa nilisifiwa mwandiko, mwenyekiti wa kambi alinipa ubao, brashi, na kopo la rangi nyeusi iliyokuwa ikitumika kuandikia marobota ya singa. "Andika namba," alisema. "Namba ni bora kuliko kuandika Keya." Nilikaa kizingitini mwa chumba chake, karatasi nimeiweka juu ya goti, korona ikinguruma na kuvunda upande wa chini wa bonde, na nikaandika kila tarakimu polepole, nikiifuta kwa kidole na kuianza upya kila rangi ilipochuruzika. Mbele ya namba kulikuwa na herufi mbili, DN, na mstari wa mshazari. Nilizitafakari kidogo. Nikaamua kwamba ni alama za karani, zisizomhusu marehemu, na isitoshe ubao haukuwa mpana. Nikaziacha.

Tulimzika alasiri. Barua ya msiba mwenyekiti aliituma Mbamba Bay, kwa hoja kwamba marehemu alikuwa akisema kwao ni ziwani, na kwamba stempu ya ndani ya nchi ni nafuu. Wanyasa wapo pande zote za ziwa lile, lakini hoja ya stempu haikupata mpinzani. Jibu halikuja.

Zaidi ya miaka ishirini baadaye nilikuwa nikipitia orodha ya majina yaliyomo katika mnara wa Rangoon, ule wa makaburi ya Taukkyan unaowakumbuka karibu watu 27,000 wasio na kaburi linalojulikana, nikitafuta askari wa Keya. Niliwakuta. Kila nilipofika kwa askari wa vikosi vya Nyasaland, yaani Malawi ya leo, mbele ya namba yake palikuwa na DN. Nilizisoma mbili tatu kimoyomoyo, halafu moja nikaitamka kwa sauti, kwa Kiingereza, kama zilivyoandikwa: di, eni.

Mtu alikuwa akinitajia kwao kila asubuhi kwa ugoro wa senti hamsini, nami nikajitupa chini na kucheka. Mara nyingine najitetea kwamba nilikuwa mtoto, na kwamba hata mwenyekiti hakuuliza. Mara nyingine utetezi huo haunitoshi. Sijui hata kama huko Malawi palikuwa bado na mtu wa kuipokea barua.

Tulipofika Segera binti yangu alishusha kioo, akaniuliza mbona nimenyamaza. Nilikuwa nikijaribu kuikumbuka namba yenyewe, ile niliyoiandika kwa uangalifu wote ule, na kila nilipoanza sikuvuka diyeni.